Mahari pa Juu

Enzi zetu mvua ilikuwa inapiga hodi kabla ya kuingia. Ninyi mliozaliwa miaka ile ile na mimi, mkakulia upande huu wa Ngara, mnakumbuka. Kwanza ulikuja upepo wa upande wa Burundi, umebeba harufu ya vumbi lililolowana kwa watu wengine. Tukanusa, tukawaonea wivu. Kesho yake wingu likakaa juu ya kilima kama ng'ombe aliyekataa kwenda machungani. Keshokutwa ndipo tone la kwanza lilipoanguka, tena kwa heshima, likamwita mwenzake, wakashuka wote polepole mpaka udongo ushibe. Ilikuwa mvua iliyolelewa vizuri. Inanyesha asubuhi, mchana inapumzika ili watu wapalilie, jioni inarudi kuuliza mmefikia wapi.

Na baada ya ile ya kwanza, kumbikumbi! Tulijua kila kichuguu kama mnavyojua namba zenu za simu. Tulikifunika kwa majani ya mgomba, tukakizunguka na debe bovu, tukaligonga kwa vijiti taratibu, tik tik tik, ili wale waliomo ndani wadhani mvua bado inanyesha na watoke kushangilia. Walitoka kweli, maskini, na mabawa yao mapya. Kila mwaka tuliwadanganya kwa debe lile lile na kila mwaka waliamini. Sijui kama ni wajinga au sisi tulikuwa wanamuziki. Wachache walifika nyumbani kukaangwa, wengi walikwisha njiani wakiwa hai, na bado mtu unafika nyumbani unaulizwa, "Mbona una bawa kwenye jino?"

Sisi tulikaa bondeni, huko Nyakisasa, na kati ya nyumba zetu na shule kilipita kijito tulichokiita Kagezi, neno ambalo kwa lugha ya nyumbani ni "kamto" tu, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kukipa jina la ubatizo. Tulikivuka kwa magogo mawili ya mkaratusi. Magogo yakifunikwa na maji, hakuna shule. Kwa hiyo tulikuwa Wakatoliki wazuri sana msimu wa mvua. Tulisali kuliko masista. Lakini Kagezi nacho kilikuwa na utaratibu wake. Siku ya kwanza kinabadilika rangi kinakuwa chai ya maziwa. Siku ya pili kinatoa povu. Siku ya tatu ndiyo kinapanda magogo. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa amekisoma kuliko sisi. Anasimama mbele ya darasa: "Jana kilikuwa chai. Leo povu. Kesho nawataka hapa saa kumi na mbili kamili, kabla hakijapanda, na atakayeniletea habari za maji atayanywa." Tukafika saa kumi na mbili kamili, meno yanagongana, miguu haina viatu, sare imefungwa kwenye mfuko wa sukari juu ya kichwa.

Hatukuwa na michezo ya kununua. Tulikuwa na gome la mgomba. Unalikalia, unashikwa kiuno na mwenzako, mwenzako anashikwa na mwenzake, mnasukumwa kutoka juu ya kilima kilicholowa, na mnakokwenda kunajulikana na Mungu. Nilichana sketi tatu kwa mwaka mmoja. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Teleza, mwanangu, teleza. Mvua itaisha, fimbo itabaki." Leo mtoto wa dada yangu mvua ikianza anakimbilia ndani kuokoa nywele. Akishakaa anaandika kwenye simu kwamba hali ya hewa ni nzuri ya kulala. Ana miaka kumi na tano! Katika umri huo wake mimi nilikuwa naijua mvua kwa magoti.

Basi, katika bonde lile, nyumba ya mwisho kabisa kabla ya maji ilikuwa ya Bibi Restituta, mama yake baba. Shamba lake la maharage lilishuka mpaka ukingoni. Kiangazi, vilima vyote vikiwa vimekauka kama ulimi wa mgonjwa, kwa Bibi palikuwa kijani, na watu wa juu walishuka na vikapu kuomba mbegu. Bibi aliwapa, akawaambia, "Nyinyi endeleeni kukaa juu mpigwe na upepo." Alikuwa na imani kwamba watu wa bondeni ndio walioumbwa mwanzo, waliobaki walisukumwa juu kwa kukosa nafasi.

Kwa Bibi alikuwa akiishi binti yake wa mwisho, Shangazi Skola, kipenzi changu. Wakati ule nina miaka tisa, yeye ana ishirini na kidogo, na alikuwa amepata mchumba, kijana mrefu aitwaye Deo, fundi baiskeli kutoka Biharamulo. Walijuana gulioni Kasulo, mnyororo wa baiskeli ya baba ulipokatika na Shangazi akapelekwa na njia mpaka kwa fundi. Nawaambieni, mnyororo ule ulikuja kukatika tena mara nne kwa mwezi mmoja. Baba alilaani viwanda. Mimi nilimwona Shangazi kwa macho yangu akiutengeneza kwa jiwe. Yaani kuuharibu. Alikuwa ameshadarizi vitambaa vya meza vya nyumba yake ijayo, kimoja cha ndege wawili, kingine kimeandikwa "Karibu Mgeni", na jioni alinionyesha akaniuliza, "Unadhani Biharamulo watacheka uzi wangu?" Nikamwambia wakicheka nitakuja kuwapiga. Mshenga alikuwa ameshafika mara mbili, mahari imeshazungumzwa ikakubaliwa, ilibaki siku moja tu ya kuja kufunga maneno na kupanga ndoa.

Hapo katikati ndipo serikali ilipoitisha mkutano.

Mtendaji wetu wa kijiji alikuwa mtu mwema mwenye kiatu kimoja kinacholia. Tatizo lake lilikuwa letu sote: kwetu huku herufi "l" na "r" zinakaa chumba kimoja, ukiita moja inaweza kuitika nyingine. Akasimama kwenye uwanja wa shule, akasema kwamba mvua zimeanza kubadirika, kwamba mirima imebaki upara kwa kukatwa miti, na kwamba siku moja maji yatashuka kwa pamoja. "Kwa hiyo," akanyoosha kidole mbinguni, "kira kaya yenye makazi bondeni itafute mahari pa juu. Narudia! Mahari pa juu!"

Ninyi wa shule mtasema ile "pa" ingetosha kuelewa kwamba anasema habari za mahali. Kwetu "pa" na "ya" ni mtu na mdogo wake, nani anawatofautisha? Bibi Kiswahili chake kilikuwa cha gulioni, cha kuuza maharage na kusalimiana. Sehemu ya mvua na milima ilimpita juu kama ndege. Aliposikia "mahari", akaamka. Aliposikia "juu", akapiga vigelegele. Na mama wawili waliokaa karibu naye, wote wana mabinti, nao wakapiga. Mtendaji akafurahi sana. Akadhani watu wameipokea elimu.

Bibi akarudi nyumbani anatembea kama aliyepewa nishani. Akamwambia baba, ambaye siku hiyo alikuwa kwenye gulio, "Serikali imeona mateso yetu. Binti wa bondeni analima kwenye matope mpaka magoti, hawezi kuolewa kwa bei ya binti wa kilimani. Mahari iwe juu."

"Mama, serikali inaingiaje kwenye mahari?"

"Na wewe unaingiaje kwenye mkutano ambao hukuwepo?"

Baba akanyamaza. Hilo lilikuwa kosa lake katika maisha, kunyamaza mbele ya mama yake, na ndilo lililotufikisha siku ile.

Wakwe wakaja, alasiri, siku ya jua kali tu. Mzee Karoli, mshenga, koti limefungwa vifungo vyote, na baba mdogo wa Deo, na galoni ya rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Deo mwenyewe, kama ilivyo desturi, hakupanda nyumbani. Alibaki kule ng'ambo ya magogo akilinda baiskeli. Mimi na Shangazi tulikuwa jikoni, masikio ukutani. Tulimsikia baba akikohoa mara tatu, akasema kwamba kuna mabadiliko. Tulimsikia Bibi akikohoa chumba cha pili, maana yake: sema yote. Baba akasema yote.

Kisha Mzee Karoli: "Tangazo la serikali? Mbona Biharamulo halijafika?"

"Ninyi mko tambarare," Bibi akajibu kupitia ukutani. "Tangazo ni la bondeni."

"Mama, sisi tulikubaliana mbele ya Mungu na mbele ya rubisi!"

"Basi mwulizeni rubisi!"

Tukasikia viti. Mzee Karoli alisimama akasema amekuja na mvi zake zote na hakutegemea zitataniwa hivi. Wakaaga. Mtu wa kwetu akiaga bila kumaliza kinywaji, jambo limekufa. Shangazi Skola alikuwa anachambua maharage. Akaendelea kuchambua, lakini mabovu anatia kwenye chungu na mazima anatupa. Sikuwahi kuona mtu akilia bila sauti. Nikamshika kanga. Nilikuwa na miaka tisa na nilijua kabisa kwamba wazee wale wakishavuka magogo tu, ndege wawili wa kitambaa hawatafika Biharamulo.

Hawakuvuka.

Kwetu bondeni hakukunyesha hata tone la kulowesha kanga. Lakini juu, mbali, vilima vilikuwa vimeingia ndani ya wingu jeusi, na miti iliyokuwa inayashika maji na kuyaambia "ngoja kwanza" haikuwepo tena. Tusiwasingizie kwa ukataji miti wakimbizi kutoka Burundi, wa kambi za Lukole, peke yao, ingawa watu wazima walipenda sana kufanya hivyo. Wale nao walihitaji kupika. Panga la baba yangu lilikuwepo pia, na tanuru za matofali za majirani zilikuwepo, na mimi mwenyewe nimebeba kuni za kilima kile mpaka shingo ikafupika. Kagezi siku ile hakikuwa chai, hakikuwa povu. Kilitoka kwenye kona kikiwa kimesimama, rangi ya udongo, kimebeba kinu cha mtu.

Deo ndiye aliyekiona. Alikimbia kuvuka huku baiskeli moja ikiwa begani, sijui kwa nini hiyo moja, akafika uani anapiga kelele, "Maji! Mama, maji!" Nyuma yake magogo yakanyanyuka yakaenda zake, kama watu waliochoka kukanyagwa. Wazee waliokuwa wameaga wakageuka, Mzee Karoli akimfokea Deo, "Tumekataliwa! Beba vitu!" Ndani ya muda wa kumenya ndizi, maji yalikuwa kwenye kizingiti cha jiko.

Mnataka kuona watu wakipatana? Waleteeni maji. Baba mdogo wa Deo alibeba godoro. Mzee Karoli, na koti lake lile lile, aliweka mbuzi wa Bibi shingoni, mbuzi anamlilia sikioni, na yeye anamjibu, "Nyamaza wewe, hata mimi sitaki." Baba alibeba mahindi. Shangazi alibeba chungu chenye maharage mabovu. Mimi nilipewa kuku mmoja na nilimbana mpaka akataga. Wallahi, naapa, alitaga mkononi.

Bibi alikataa kutoka. Alikaa kwenye kigoda katikati ya nyumba, maji yanamfika kwenye kifundo cha mguu, anakiambia Kagezi kwa lugha yetu kwamba amekijua kikiwa kidogo. Ukuta wa jiko ukaanguka, pwaa. Miguu yake ilikuwa mibovu tayari na wakati ule maji yalikuwa magotini. Baba alikuwa ameshafika nusu ya kilima. Aliyekuwepo ni Deo. Akainama mbele ya kigoda, akampa mgongo.

Lazima mjue, kwetu mkwe hamgusi mama mkwe. Hata akitaka kumpa chumvi, anaiweka chini, anasogea, mama anaokota. Na huyu anampa mgongo mzima!

"Ondoka!" Bibi akapiga kelele. "Mkwe hambebi mama mkwe! Mwiko!"

Deo, na maji yanapanda, akajibu kwa adabu zote, "Mimi si mkwe, mama. Mmenikataa saa ile."

Nilikuwa mlangoni na kuku wangu na niliona kabisa hoja ile ikiingia kichwani mwa Bibi na kukosa pa kutokea. Akapanda mgongoni.

Nikatangulia mbio mpaka walikokuwa wenzetu juu. Wao wakatoka hivyo, yule kijana mrefu anapapasa njia kwa mguu, Bibi amemkumbatia shingo, amefumba macho kama anayetubu. Katikati, mahali maji yalipokuwa yanavuta sana, Deo akayumba, na sote tuliokuwa juu tukapiga yowe. Mzee Karoli, hata hapo, na mbuzi shingoni, aliona nafasi ya kazi yake. Akaita, "Mama! Huyo aliyekubeba ni nani kwako?"

Akisema mkwe, inabidi ashuke. Akisema si mkwe, binti yake amekosa mume. Bibi akafumbua jicho moja, akayatazama maji, akasema, "Mpaka anivushe, si mkwe. Akishanishusha, ni mkwe. Na mahari ni ile ile ya zamani! Tembea, mtoto!"

Shangazi Skola alitupa chungu. Maharage yote chini. Alikaa kwenye nyasi akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka Mzee Karoli akamwuliza kama ameumwa na siafu.

Mtendaji alifika tukiwa tumekaa juu pale, tumelowa, mali yote ya Bibi imezagaa majanini. Kiatu chake hakikulia, kilikuwa kimejaa maji. Akatuhesabu, akaona tumetimia, akashukuru Mungu, kisha akasema kwa uchungu, "Si nirisema? Si nirisema mtafute mahari pa juu?" Bibi akatazama chini kwenye bonde. Akatazama nyasi alizokalia. Akatazama kilima. Nadhani ndipo "pa" ilipomfikia. Alimgeukia baba taratibu, akamwambia, "Na wewe mwenye shule, ukanyamaza tu?"

Ndoa ilifungwa parokiani baada ya mavuno. Bibi alijengewa juu ya kilima, na kwa miaka mingi alilalamika kwamba huko vyura hawasikiki na mtu unalalaje bila vyura. Deo kuanzia siku ile hakumsogelea tena. Akija, anakaa mwisho wa ua, anaita, "Shikamoo mama!" na Bibi anajibu, "Marahaba, mwanangu," uso ameuelekeza kwingine, wote wawili na heshima kama hakuna aliyewahi kumjua mwenzake kwa mgongo.

Sisi tulidhani ile ilikuwa ajali ya siku moja. Tulikuwa watoto. Siku hizi mvua haipigi hodi. Inachelewa mpaka watu wanapanda mara mbili, mbegu ya kwanza inaliwa na jua, ya pili inazolewa. Inakuja mchana mmoja na maji ya mwezi mzima, kisha inapotea kama mdeni. Kumbikumbi wenyewe wamechanganyikiwa, wanatoka Januari, wanakuta jua, wanarudi. Kagezi kiangazi ni mawe matupu, unakivuka bila kuinua sketi, na masika ni fahali. Daraja la saruji limejengwa, limekwenda, limejengwa tena. Mwaka huu maji yalipopanda, yule mpwa wangu wa nywele alikimbilia ukingoni, nikadhani anakwenda kuokoa mbuzi. Kumbe anarekodi. "Ma'mdogo, sogea kidogo, umeziba mafuriko!"

Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini kuota naota mpaka chuo kikuu. Nyuma ya nyumba nina viriba vya miche, miti ya asili ile ya majani mapana iliyokuwa inazunguka chemchemi zetu. Kila masika naipanda juu kule mlimani. Jirani zangu wananiita Bwana Misitu. Mwaka jana mbuzi walikula nusu. Iliyobaki imenifika kiunoni, na nikiwa peke yangu naisalimia, msimwambie mtu.

Bibi bado yupo. Macho yamepunguza kazi, masikio yanachagua. Masika haya Shangazi Skola alifunga safari kutoka Biharamulo kuja kumwona, maana tulimwambia mama amedhoofika, usingoje kiangazi. Alifika mpaka ng'ambo ya Kagezi, daraja likiwa limeshakwenda asubuhi. Nilishuka nikamwona, amenenepa, amevaa kitenge kizuri, amekaa juu ya mzigo wake. Tukaitana. Maji yalikuwa yanaunguruma, hakuna neno lililovuka. Tukabaki kupungiana mikono kama watu wa vituo viwili vya basi. Hatua arobaini tu, wala hazifiki. Enzi zetu tungezipita na debe la kumbikumbi kichwani.

Nikarudi juu. Bibi akaniuliza, "Skola amefika?"

"Amefika, Bibi. Yuko ng'ambo."

Uso wake ukafunguka wote. "Kama yuko ng'ambo, ameshafika. Kile kijito hakijawahi kumchelewesha mgeni. Bandika maharage haraka, atatukuta hatujapika."

Nikachukua sufuria. Nikapima maharage ya watu watatu, nikaenda kuwasha moto.